Chumba Namba Nane

Daftari la gesti yetu, hapa Mwanga, Kigoma,
lina safu ya kabila.
Daktari Rawan aliiruka kama mtu anayeruka dimbwi.
Jioni ile ile akafika Tirza, fundi wa pampu za sola,
akasoma mstari wa juu, akaliona neno Gaza,
kalamu ikasimama.
Naye akaiacha tupu.
Mimi, Nzobonimpa, mpokea wageni na mlinzi,
nikagonga mhuri.

Mmoja nilimpa saba, mwingine tisa.
Nane haipangishwi, bati lake linavuja;
humo nalala mimi na ndoo yangu.

Siku moja nawarudishia chenji ya migebuka,
nahesabu kwa sauti: sita, saba, nane, tisa.
Wakacheka wote wawili,
kisha wakashtuka kwamba wamecheka.
Sita ni ya kwetu, akasema Rawan.
Saba ni ya kwetu, akasema Tirza, na tisa pia, karibu.
Nikawaambia nane ni ya huku, msiiguse.

Tangu hapo wakala meza moja.
Bibi yake Tirza alizaliwa Baghdadi,
na Kiarabu alichomrithisha kilikuwa cha jikoni:
chumvi, kitunguu, funga mlango, kula mwanangu.
Kilitosha.

Usiku wa ile simu, nilisikia ukuta wa kushoto.
Hakikuwa kilio. Lilikuwa jina: Lubna, Lubna, Lubna,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.
Nikatoka. Tirza yuko koridoni, miguu peku,
kikombe cha chai mkononi, hajui akipeleke wapi.
Rawan akauliza kutoka ndani,
kwa Kiingereza, ili hata sisi kuta tusikie:
"Mtoto wa kaka yako yuko kule, na sare?"
"Yuko."
Chai ikapoa. Niliinywa mimi alfajiri,
haikuwa na sukari.

Siku tisa, meza mbili.
Sikushangaa. Nimezaliwa kambini, Mtabila,
ambako mama alichangia sufuria na mwanamke
ambaye kaka zake ...
Sentensi hiyo mama hakuimaliza hata siku moja.
Wakinuniana, sufuria ilibaki nje ikinyeshewa.
Watu husema machungu hufundisha. Sijui.
Mama yalimfundisha kufunika maharage.

Siku ya kumi mabomba ya hospitali yakakauka.
Ziwa lote lile liko pale chini, buluu, halina habari nasi,
na huku juu kuna mzazi kitandani, tumbo wazi.
Rawan hakumpigia mtu simu.
Nilipiga mimi.
Tirza akapanda kwenye tangi, tochi mdomoni,
akashuka saa tisa usiku, viganja vimechubuka.
Maji yakaja, kwanza mekundu,
kisha meupe.
Mtoto akapewa jina la bibi yake mwenyewe.
Hakuna redio iliyotangaza.

Asubuhi Rawan alikuwa anakula peke yake, ugali na dagaa.
Tirza akapita na sahani yake akielekea kule kwake.
Rawan hakuinua macho.
Hakusema samahani, wala karibu.
Alisogeza bakuli la pilipili ya mawese
kuelekea upande wenye kiti kitupu,
inchi moja.
Nilikuwa napiga deki; niliipima kwa vigae.

Lubna bado amekufa.
Kijana bado amevaa sare.
Kuna siku wanakula pamoja na kuna siku sahani zinarudi zimejaa,
nami nimeacha kuuliza.

Jana usiku mvua ilishuka kutoka milima ya Kongo,
ndoo yangu ikawa inahesabu matone gizani.
Kushoto mtu akakohoa, akakohoa tena.
Kulia, kupitia chumba changu, kupitia kwangu,
ikaja sauti ya chini, maneno mawili ya jikoni
ambayo hata mimi sasa nayajua:
funga dirisha.

Nikasikia dirisha la saba likifungwa.