Riwaya ya Kufungia Njugu

Baba'ngu Mjaka alikuwa karani wa mizani,
kituo cha karafuu, Wete, dirisha la pili.
Mchana alipima vya watu. Usiku aliandika
nyuma ya stakabadhi zilizoharibika,
kwa penseli, maana wino ulikuwa na hesabu yake
na chupa ikipungua mtu huulizwa.

Riwaya yake haikuwa na askari hata mmoja.
Ilikuwa na mizani iliyokula robo kilo,
na mjane wa Kizimbani aliyeijua robo yake
akaja kuidai kila Jumatatu, miaka saba,
buibui lile lile,
na kila Jumatatu karani anamwambia:
Kesho, bibi.
Basi. Hayo ndiyo yote.

Walikuja baada ya isha, wanne wa magwanda, na koplo
niliyesoma naye chuoni Juzuu Amma, mkeka mmoja.
Hakunitazama. Alimwaga mchele wa kadi, wa wiki nzima,
akapekua ndani yake kwa kidole.
Zilikuwa chini ya godoro la bibi, mgonjwa.
Kurasa mia mbili na sita. Walizihesabu mara mbili,
kwa sauti.

"Mizani ni nani?" walimuuliza kambini.
Akasema: mizani ni mizani.
Wakampiga.
"Mjane ni nani? Jumatatu ndiyo siku gani?"
Akasema: ni ile inayofuata Jumapili.
Kwa hilo walimvunja vidole viwili
vya kushikia penseli. Walijua wanachokivunja.

Miaka mitatu na miezi.
Mama alipeleka chakula kila Ijumaa,
na bakuli likarudi tupu, limeoshwa.
Tukasema: anakula.
Baadaye tulijua nani waliokuwa wakila.
Lakini kitambaa, mama alisema, kitambaa anakikunja yeye,
pembe nne ndani, hakuna mwingine akunjaye hivyo.

Sasa nisikilize hapa.
Mwaka ule karatasi iliadimika kuliko sukari.
Kambi ikauza taka zake kwa kilo
(zikapimwa, nasikia, kwenye mizani ile ile)
na Bi Mize, muuza njugu wa mlango wa soko,
asiyejua alifu wala be,
akanunua furushi, akasokota vifuko.

Mwalimu Shaame wa Limbani ndiye aliyegundua.
Alimaliza njugu, akakunjua karatasi apanguse vidole,
akasimama palepale juani mpaka adhana.
Akanunua nyingine. Kisha nyingine.
Na hapendi njugu.

Mji mzima ukala njugu.
Watoto wa Mtemani walibadilishana:
nipe wa arobaini na mbili, nikupe wa themanini, una chumvi.
Mjane alizeeka kwanza, kisha ndipo akaolewa.
Watu walimlilia mume
ambaye kwao alikuwa bado hajaugua.
Koplo naye alinunua. Nilimwona,
anasoma kageukia ukuta.

Baba aliporudi hakuwa na meno ya mbele.
Hatukumwambia. Sijui ilikuwa hofu au haya.
Siku ya nne akaenda sokoni mwenyewe, akatoa senti kumi,
akakaa baraza ya duka lililofungwa,
njugu akazimimina mfukoni, akakunjua.

Nilidhani atalia. Alikunja uso
kama aonavyo hesabu iliyokosewa.
"Una penseli?"
Akaishika kwa ngumi, kama mtoto,
akakata neno moja, akaandika jingine juu yake,
akausokota ukurasa, akamrudishia Bi Mize:
"Mtilie mwengine."

Ule wa mwisho haukupata kutoka.
Nimeuulizia hadi Mkoani.
Wapo wanaoapa mjane alilipwa. Mwalimu Shaame anasema wapi!
Nilimuuliza baba mwenyewe, mwaka aliokufa.
Akafumba macho, pengo likamchekea:
"Kesho, bibi."

Siku hizi njugu hufungwa kwa nailoni.
Mie hununua tu,
nikaikunjua, nikaitazama kwenye jua.