Daftari la Mfua Jezi

Ofisini wana mafaili, mimi nina beseni.
Wao waulizeni nani alishinda,
mimi niulizeni matope.

Wa kwanza Balikowa, fundi wa kiwanda cha nguo,
filimbi ya kuazima kwa askari wa barabarani.
Sheria za raga hakuzijua zote;
majina ya mama zao aliyajua.
Jezi zake zilirudi na ukijani wa nyasi kifuani:
vijana walikuwa wakianguka mbele.

Akaja Okurut, mwanajeshi mstaafu.
Alfajiri, mbio hadi daraja la Jinja na kurudi.
Miezi minane nilifua chumvi tupu.
Kombe moja. Magoti manne mabovu.

Kiprono wa Eldoret hata begi hakulifungua;
mshahara ulikwama Kampala, naye akapanda basi,
akaniachia soksi moja na deni la sabuni.

Isabirye, huyo nisimseme sana, ni shemeji yangu.
Mechi kumi na moja, vichapo kumi na kimoja.
Siku ya mwisho walimtupia maganda ya miwa.
Niliyaokota mimi. Kisha beseni likaniambia:
migongo imejaa tope,
vifua vyeupe pe.
Nikajua kabla ya kamati.

Leo wamemleta Nangobi,
yule binti aliyewaokotea kaka zake mpira wa yai
ukidunda ovyo kuelekea mtoni.
Ofisini hajaingia bado.
Amesimama kwenye kamba yangu ya nguo,
anageuza jezi moja moja,
anasoma.