Usiuzibe

Saa kumi alfajiri, Yazd.
Vumbi la jangwa limelala juu ya magari,
minara ya kunasa upepo haina cha kunasa.
Golrokh Ardakani anavua viatu, anavaa kandambili za maabara,
anafunga nywele. Hakujipaka marashi:
viinitete havipendi harufu ya mtu.
Anainamia hadubini.

Siku ya tano.
Kimeumuka kama unga uliolala na hamira.
Seli mia na ushei, ukuta mwembamba, katikati maji,
na pembeni kijifundo kimejikunyata:
huyo ndiye, kama atakuwa.
Zilizobaki zote ni kondo la baadaye,
watumishi wa mgeni asiyejulikana jina.

Nje yake, ganda.
Ganda hili lilifunga mlango mbegu ya kwanza ilipoingia,
likawaambia maelfu waliobaki: mmechelewa.
Likazishika seli zisitawanyike,
likazizuia zisinate njiani, mrijani, pasipo pao.
Limefanya kazi, hatulisemi vibaya.
Ila mlinzi asiyejua kuondoka
huishia kuwa askari jela.

Kinapumua. Hapana, hakipumui, hakina mapafu,
nimekosa tu neno jingine:
kinajaa, kinasukuma, kinanywea.
Saa nzima kimesinyaa, ungedhani kimekufa.
Kisha kinajaa tena, kupita jana,
na ganda linakonda,
linakonda,
na Golrokh, miaka kumi na tisa kazini,
bado anauma mdomo.

Juzi alimweleza Hojjat, mfinyanzi wa Meybod,
kwamba wanangoja ufa.
Hojjat akabadilika rangi. Ufa?
Kwake ufa ni tanuri zima la hasara,
ni bakuli la buluu linalolia vibaya ukiligonga kwa kucha.
Golrokh akachukua stakabadhi, akachora nyuma yake:
kinatoka hivi, nusu ndani, nusu nje, kiuno kimebanwa,
kama nane. Si nane yetu, alisema,
nane ya Wazungu.
Hojjat akaikunja stakabadhi, akaitia mfukoni mwa shati.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sijui wangesema nini mbele ya kioo hiki,
ambapo ukuta ndio msiba
na ufa ndio mlango wa pekee.

Unaangua komamanga mtini, kuku anaangua mayai,
mtu anaangua kicheko,
mtu yuleyule anaangua kilio.
Kitenzi kimoja kinabeba yote hayo.
Na herufi moja ikijipenyeza, ni kuanguka.
Esmat, mke wa Hojjat, herufi hiyo imemtembelea mara tatu
bila yeye kujua jina lake,
mara ya mwisho wiki ya sita,
akiwa anachambua zereshki jikoni.

Saa nne asubuhi wanakiweka ndani yake.
Ufa bado ni uzi tu, wala si uzi, ni kivuli cha uzi.
Hapa Golrokh anaachwa nje.
Kilichobaki hakina kamera:
kitajikamua gizani,
kitaliacha ganda tupu lielee, liyeyuke, lisizikwe na mtu,
kisha kiwe uchi, kinate,
kitafute pa kubisha katika mji wa mimba,
mji usio na ramani wala msimamizi.
Au kisibishe.

Naweza kukohoa? anauliza Esmat.
Kohoa.
Na kucheka?
Golrokh anamtazama kidogo. Cheka.

Barabara ya Meybod ina matuta.
Hojjat anaendesha kama siku zile anapopeleka
vyungu vibichi, visivyochomwa, kwa tanuri la mwenzake:
gia ya pili, mikono miwili, dirisha limefungwa.
Esmat amelaza kiganja juu ya mkanda wa kiti.
Hawasemi.
Nyuma yao lori linapiga honi, linapiga tena.
Hojjat hageuki.