Lori Kwenye Picha

Walituonyesha lori.
Picha imepigwa kutoka juu, juu kabisa,
kijivu, kama uji uliosahaulika kwenye sufuria,
na kando yake wamechora mshale mwekundu
ili tujue pa kuogopea.

Nilikuwa kwa Delphine, kwenye kaunta, yai langu bado lafuka moshi.
Waziri, ndani ya runinga iliyo juu ya jokofu, akasema
hicho ni kiwanda cha sumu kinachotembea.
Akasema: hatuna shaka.
Mkahawa mzima ukaacha kutafuna.

Sasa, mimi nimeendesha tangi la maziwa miaka thelathini na mmoja
katika vilima hivi vya Wisconsin,
zizi la Haugen, zizi la akina Brekke, kisha kiwandani,
saa kumi alfajiri, theluji ikinifutia njia mbele ya macho.
Mgongo wa tangi naujua kuliko wangu.
Naujua mfuniko wa kuoshea, naijua ngazi ya nyuma,
na bomba linalolala ubavuni kama mkia wa paka.
Nikasema, wala si kwa sauti: lile ni tangi la maziwa.
Labda la maji.

Orrin Tveit akazungusha kiti.
"Umewahi kufika huko?"
Sijafika.
"Basi waachie wanaojua."
Nikalipia yai. Nusu nikaliacha.

Kwa sababu kazi yangu, Orrin, ilikuwa shaka.
Kabla sijavuta hata lita moja nilifungua mfuniko,
nikaingiza kichwa, nikanusa.
Nikazamisha kijiti cha kupimia. Nikajaza kichupa, nikaandika saa.
Yakinuka kitunguu, nayakataa.
Yakiwa na joto, nayakataa.
Maziwa ya ndugu yangu wa tumbo moja niliyakataa mara mbili,
na Krismasi ile hatukula pamoja,
lakini hakuna mtoto aliyeugua kwa mkono wangu.
Hawa wananunua vita nzima
na hakuna aliyefungua mfuniko.

Tulipouliza, wakasema ushahidi upo, ila ni siri.
Mtoto akiniambia kuna simba uvunguni
napiga magoti, nainama, natazama.
Wao wametuambia kuna simba uvunguni
na kuinama ni usaliti.

Lisemwalo lipo, husema watu, na kama halipo laja.
Likaja.
Likaja kwanza kama vibendera vya plastiki kwenye pampu za mafuta,
kisha kama barua kwa mjukuu wangu Maren,
aliyejiandikisha apate karo ya kusomea udaktari wa mifugo,
na ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha gia
kwenye uwanja wa kiwanda, Jumapili, akiwa na miaka kumi na minne.
Wakaona anajua lori.
Wakampa lori.

Miezi tisa. Waziri haulizwi tena habari za ile picha.
Siku hizi anasema hatukwenda kwa ajili ya lori,
tulikwenda kuwapelekea uhuru.
Orrin hunipungia mkono kabla sijampungia.
Hasemi kitu. Hulipia kahawa yangu, nami namwachia alipe.

Maren anaandika kwa penseli. Joto. Nzi. Klachi nzito.
Kazi yangu ni kubeba maji, Babu, maji tu,
tangi refu, jeupe, bomba limelala ubavuni,
ungelipenda.

Bado naamka saa kumi, mwili haujui kustaafu.
Natoka nje na viatu bila soksi, natazama juu.
Hakuna kitu: nyota, na ndege moja inayopita, haina sauti.
Nawaza kuna mtu mahali fulani, ameketi,
chai yake inapoa,
mezani ana picha ya kijivu
na kalamu nyekundu.