Kalamu ya Risasi

Tukuyu ikifunikwa na ukungu, sichori.
Meza yangu ni kioo cha dirisha, taa yangu ni jua,
na jua la huku lina tabia za mdeni:
linaahidi saa tatu, linachungulia saa tano,
likisikia linatajwa, linaondoka.

Tangu Jumatatu mchoro wa Tupokigwe uko hapo,
seloteipu pembe nne, juu yake karatasi mpya.
Halmashauri wanataka wino. Wanataka nakala safi,
mistari isiyobabaika, isiyo na mafuta ya vidole.
Nyumba ya penseli hawaigongei mhuri.

Aliyechora ni marehemu mumewe, Ambilikile,
fundi baiskeli, hakusomea ramani.
Alichora nyuma ya kalenda ya chama cha wakulima wa chai,
basi tarehe za Julai zinapenya sebuleni, kinyumenyume.
Alitumia kalamu ya risasi. Jina gani hilo,
risasi! Nayo haijawahi kuangusha hata ukuta:
inakosa, inarudi, inaomba radhi kwa raba.
Sebule ilisogezwa mara tatu.
Choo kilizunguka nyumba nzima kikitafuta pa kukaa.

Leo saa nne na nusu ndipo kulipokucha.
Nikaegemeza kiwiko kwenye kioo baridi,
nikaanza na msingi, nikapandisha kuta,
pumzi nimeibana.
Kwenye paa nikashtuka: mstari umepitiliza,
unapanda, unajikunja, unateremka kuelekea Kiwira.
Kumbe nilikuwa nafuata mgongo wa Mlima Rungwe
uliojitokeza nyuma ya karatasi zote mbili.
Nikacheka peke yangu. Nikaukwangua mlima kwa wembe.

Ndipo nikakiona, kando ya jikoni.
Pale raba iliposugua sana karatasi imekonda,
inapitisha mwanga kuliko penginepo.
Chumba. Futi nane kwa tisa.
Hakina mstari hata mmoja,
na ndicho kinachong'aa kuliko vyote nyumbani mle.
Katikati, mfereji wa kidole kilichokandamiza:
herufi tano. Sikuzisoma. Nilizisoma.

Alikuja alasiri, mwavuli unachuruzika,
mkungu mdogo wa ndizi begani.
Sikusema neno, niliweka kidole tu: na hapa?
Alitazama. Akafuta kioo kwa pindo la khanga,
kana kwamba ukungu ulikuwa upande wetu.
"Hicho tulikifuta wote wawili," akasema.
"Yeye alishika raba.
Mimi nilishika karatasi isichanike."

Nikamaliza bila chumba kile.
Vyumba vitatu, wino umekaa, hakuna aliyewahi kukosea humo.
Alipofika mlangoni akageuka:
"Ukuta wa jikoni, upande ule, usiutie dirisha.
Uache hivyo hivyo."

Sikuuliza. Dirisha nilishalichora.
Nimechukua wembe tena,
nakwangua polepole,
na karatasi, pale, imeanza kupitisha mwanga.