Doa la Kijani

Bogna kaniletea ukurasa uliopigwa pasi,
nguo ya kuazima:
"Kazi hii inahoji mipaka ya nafasi."
Nani anahoji? nikamwuliza.
Akaitazama simu yake.

Nje, theluji ya Lodz ilishageuka tope.
Nikaweka kidole pembeni mwa turubai,
penye doa la kijani.
Na hili?

"Hilo kosa. Babu alipiga
kuuliza kama nimekula.
Nikaibana simu begani, brashi ikateleza.
Sikulifuta.
Alifariki Alhamisi."

Kompyuta ikazima kioo chake yenyewe.
Nikamsogezea penseli, fupi,
imetafunwa na mwanafunzi wa mwaka jana.

Akaandika: Babu.
Akakata.
Akakaa mpaka kengele ikalia, wenzake wakatoka na makoti yao.
Akaandika: Nimekula.