Fremu ya Mia Nne na Kumi na Mbili

Modeli haina haraka.
Ursina Caduff anaipa mlima,
anaipa mteremko, uzito wa jiwe, unyevu wa udongo,
msuguano wa sifuri nukta tatu moja,
kisha anabonyeza, anangoja
mlima ujifikirie.

Chur, ghorofa ya pili, saa tano za usiku.
Kipasha joto kinagugumia ukutani.
Nje inaanguka theluji ya Machi,
ile isiyojua kama ni theluji au mvua.
Kwenye kioo jabali linaachia
kama mtu anayeachia mkono
aliokuwa ameushika kwa adabu tu.

Juzi alikosea.
Alifungua faili, akaagiza fremu ziandikwe moja baada ya nyingine,
saa tisa nzima mlima ukaporomoka
asiwepo mtu wa kuutazama,
naye alikuwa amesahau mstari mmoja, wa mwisho kabisa:
funga.
Asubuhi faili lilikuwapo. Lina jina, lina tarehe,
lina baiti sifuri.
Janga zima, hata vumbi lisibaki.
Akacheka peke yake,
kisha akaona haya kwa kucheka.

Leo FUNGA imo kwenye karatasi ya manjano
pembeni mwa kioo,
pale Flurin wa zamu ya asubuhi
hubandika orodha yake ya jibini.

Fremu moja kwa kila nusu sekunde ya mlima.
Zinajipanga: 0001, 0002, 0003,
kila moja imesimama wima, haimjui jirani,
kama shahidi anayehojiwa peke yake chumbani.
Ukiichunguza yoyote, mwendo humo hamna.
Mwendo tunautia sisi
tunapozipitisha mbiombio.

Humo ndani maji yakimwagika huzoleka.
Rudisha saa kwenye sifuri:
jabali linapanda kinyumenyume, misonobari inainuka,
Val Sutgera inazo tena nyumba thelathini na moja.
Ndiyo sababu Ursina haiamini sana.

Alhamisi wanakijiji walikaa ukumbini mwa shule,
makoti hawakuvua.
Video ilichukua sekunde arobaini.
Hakuna aliyekohoa.
Kisha Gion Luregn Tuor,
aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho mwezi Oktoba,
akainua mkono kama mwanafunzi.
"Rudisha. Kidogo tu. Umepitiliza. Hapo, hapo. Simamisha."

0412.
Mawe yamefika ukuta wa kanisa.
Kijivu kimeshameza kisima na nusu ya barabara.
Na ghala lake,
pikseli sita kwa nne, rangi ya kahawia,
bado.

Ursina alikuja amejiandaa kwa maswali ya kasi,
ya bima, ya nani atalipa,
alikuwa na grafu tatu mkobani.
Mzee akasema, "Nichapie hiyo."

Akamweleza kwamba hiyo si picha hasa,
ni hesabu iliyopakwa rangi;
kwamba ghala halina mlango, aone mwenyewe,
modeli haihitaji milango;
kwamba nusu sekunde baadaye...

"Nimeona kilichofuata," akasema mzee.
"Sikuomba kilichofuata."

Ikabidi aandike mistari mipya mitatu:
fungua, toa fremu moja, hifadhi kando.
Ukumbi ulikuwa unatoka watu, viti vinakwaruza sakafu,
mtoto mmoja anauliza kama paka watahesabiwa.
Mashine ya shule ikanguruma, ikasita, ikanguruma.
Wino wa manjano ulikuwa umekwisha.
Ghala likatoka la zambarau.

Akaomba radhi. Akataka kurudia.
Gion Luregn akaishika karatasi mbali na uso,
kama asomavyo barua za benki,
akaitazama mpaka taa za nyuma zikaanza kuzimwa.
"Hapa ni jioni," akasema.
Akaikunja mara mbili,
akaenda kuhamisha vitu.